MREJESHO: Ile nyumba ya mashambani kule Wales

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu nyumba ya kisasa ya familia inayouzwa nje ya Brecon. Asanteni sana, hasa aliyesema tuanze na maji taka. Nyumba haijaunganishwa na bomba la umma, ina tangi lake, na huko matangi hayo husajiliwa Natural Resources Wales, taasisi ya serikali ya mazingira huko. Hili halikusajiliwa! Muuzaji amekubali kulisajili kabla hatujasaini.

Kodi ya kununua nyumba nayo muiangalie: tangu 2018 Wales ina yake. Kama ndiyo nyumba yako pekee, pauni 225,000 za mwanzo hazitozwi, ila mnunuzi wa mara ya kwanza hapati nafuu ya ziada kama ya England.

Gesi ya bomba hakuna, nyumba hupashwa joto kwa mafuta. Mke wangu ameipenda mno, nami pia. Tumeshatoa ofa.