Muvi ya fantasia ikija pati 2: mtunzi arudie melodi za zamani, aanze upya, au aletwe mwingine?

joka_mdogo:
Wakuu habari za muda. Mi ni wale ambao muvi ya fantasia ikitangazwa muendelezo siulizi nani anacheza, nauliza muziki anatunga nani, na hiki kipindi cha kusubiri ndio presha inapanda. Naona njia tatu: mtunzi yule yule na melodi zile zile, yule yule ila aje na vitu vipya, au apewe mtu mwingine kabisa. Mi niko na ya kwanza ila kwa sharti, melodi ikirudi irudi imebadilika. Mfano wangu John Powell, How to Train Your Dragon 2 ya 2014, zile za kijiji cha Berk tulizozizoea zinafungua muvi zimechangamka, alafu ukifika kwa mama yake Hiccup, yule kijana mhusika mkuu, inaingia mpya na kwaya, na za zamani hazijafukuzwa. Nyie je?

Mzee wa Violini:
Naunga mkono hoja, hasa hilo sharti. Mi bado nina kinyongo na The Hobbit. Ya kwanza 2012 wale mbilikimo wanaimba nyumbani kwa Bilbo kwa sauti nzito za chini, ile melodi ikatubeba safari nzima na tarumbeta, ukitoka ukumbini unaipiga mluzi. Nikasubiri mwaka mzima, ya pili inakuja 2013 nikatega masikio, haipo! Safari ni ile ile, watu wale wale, wimbo wao umepotelea wapi? Na mtunzi ni Howard Shore huyo huyo, kwahiyo kurudi kwa mtunzi sio dhamana ya chochote.

binti_selesta:
Mzee hapo umenena, ila umesahau kituko cha ile ya kwanza yenyewe. Mwishoni Thorin, kiongozi wa mbilikimo, anamfuata adui yake Azog moto unawaka kila upande, kwaya inapanda, mi natetemeka, kumbe ni muziki wa Nazgul, wale wapanda farasi weusi wa Lord of the Rings 😂 Nazgul wanahusiana nini na Thorin jamani. Ndio maana mi nachagua njia ya pili. Harry Potter ya tatu (2004) John Williams angeweza kulala tu na kile kinanda chake kinacholia kama vikengele, yeye akaleta vyombo vya zama za kati na kwaya ya watoto, unajua bado uko Hogwarts ila hewa imebadilika.

KipazaSauti:
Sawa dada, ila baada ya hapo Williams akaondoka wakaja watatu, Patrick Doyle, Nicholas Hooper, wakamalizia na Alexandre Desplat. Muvi nane watunzi wanne na hakuna aliyekufa. Desplat kwenye mbili za mwisho mi ananiliza kabisa. Mtu mpya aje tu.

fundi_mitambo:
Wakuu mnamlaumu mtunzi bure. Mtunzi mara nyingi anaingia mwishoni, wakati muvi inakatwa wanaweka muziki wa kuazima ili wapime mwendo wa sini, na kwenye pati 2 wa kuazima ulio karibu ni upi? Wa pati 1! Dairekta anausikia miezi mpaka unamganda, mtunzi akija na kitu kipya anaambiwa hapana nataka kama huu. Alafu upande wa pili Oscar nao wana sheria zao, muendelezo lazima muziki mwingi uwe mpya. Hans Zimmer alishinda na Dune ya kwanza, ya pili 2024 ikakataliwa hata kushindanishwa maana muziki wa zamani ulijaa mno humo. Kwahiyo ukirudia unanyimwa tuzo, usiporudia Mzee wa Violini anakuwekea kinyongo zaidi ya miaka kumi.

Mzee wa Violini:
Na nitaendelea nacho.

tama_moja:
Hii ni superhero sio fantasia ila nivumilieni. Ludwig Göransson kwa Black Panther alienda Senegal akazunguka na mwanamuziki Baaba Maal, ngoma ya tama ikawa ndio sauti ya mfalme T'Challa. Pati 2 yake, Wakanda Forever, angerudi na mafaili yake ya zamani amalize kazi, badala yake akaenda Mexico kutafuta sauti ya watu wa Namor, wale wa chini ya bahari. Ulimwengu ukipanuka na wewe toka nyumbani.

joka_mdogo:
Aisee fundi umenivuruga, mi nilidhani mtunzi ndio anaamua kumbe anakuta meza imeshapangwa. Ila sharti langu nabaki nalo, na nikiingia ukumbini nitasikiliza zile dakika za mwanzo tu, pale nembo ya studio inapopita, hapo ndio utajua kama wamefikiria au wamebandika.

binti_selesta:
Na wakiwa wamebandika?

joka_mdogo:
Nitakuja kulalamika humu humu, alafu narudi kuisikiliza mara kumi.