MJADALA: Kompyuta chakavu za shule huku Mtwara, tuzitie Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) au tungoje mpya?

Mwalimu, Newala: Wakuu, shikamooni wenye umri wenu. Shuleni tuna kompyuta kumi na moja za msaada, prosesa za zamani za Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 2, zote zina Windows 10. Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haipandi humu: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na RAM isiyopungua GB 4. Juzi mtoto wa kidato cha pili kabonyeza Word. Kimya. Kabonyeza tena, na tena. Baadaye zikafumka Word sita kwa mpigo, mashine ikastaki, kengele ikalia. Mimi nataka Linux Mint, ile ya Xfce, yenye sura nyepesi. Wenzangu kwenye bodi wanasema tungoje mpya. Tumengoja tangu lini?

Mwenye steshenari, Mtwara mjini: Mwalimu, usiwaponze watoto. Wakimaliza wanakuja kwangu kuomba kazi, na kazi ni kadi za harusi kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Na wateja wanaleta faili za Word. Nilishajaribu LibreOffice, ile ya bure badala ya Word: jedwali likahama, barua ya ukurasa mmoja ikawa miwili. Mteja ananitazama mimi, hatazami programu.

Mwalimu, Newala: Hilo la jedwali nakubali, limenikuta. Lakini Publisher wenye mali wenyewe wametangaza wanaizika Oktoba 2026. Mtoto akijua kupanga ukurasa, atapanga popote.

Mwenye steshenari: Wakizika, mimi ya kwangu bado inafunguka. Hapa mtaani Windows 7 zipo zinachapa kazi, na msaada wake ulikwisha Januari 2020.

Fundi, Masasi: Zinachapa kazi na kugawa virusi. Flashi ikitoka steshenari kila folda imegeuka shotikati (njia ya mkato), halafu naletewa mimi. (Sisemi steshenari yako, kaka.)

Mwalimu, mfumo si tatizo la kwanza. Fungua boksi. Hilo vumbi jekundu limeziba feni, prosesa inachemka na inajipunguzia mwendo. Puliza kwanza. Pili, toa diski ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka, ya kasi), hata ya GB 120. Hapo ndipo mashine inapofufuka. Tatu, RAM ifike GB 4, ila angalia kibandiko: RAM aina ya DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Mint kwa GB 2 itawaka, lakini ukifungua kurasa tatu za intaneti utajuta. Ukibaki na GB 2, weka antiX, Linux nyingine. Sura yake haivutii, ila nyepesi.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba: Mimi nimekaa na Linux misimu miwili ya korosho. Shotikati sikuziona tena. Kilichonishinda ni printa. Iligoma katikati ya msimu, wakulima wamejaa barazani, nikampigia fundi. Akaja, akaangalia kioo, akasema "hii siijui", akanipigia Windows ya kukraki palepale. Orodha ikatoka. Ningemkatalia vipi?

Mwenye steshenari: Ndiyo ninayosema!

Karani wa AMCOS: Hapana, mkuu, wewe unasema Linux mbaya. Mimi nasema sikuwa na mtu wa kumpigia. Windows ikigoma, kila kona kuna kijana wa kuipiga upya. Mwalimu atoe wanafunzi wawili watatu wajifunze kuipanda wenyewe, la sivyo siku akihamishwa chumba kitafungwa kufuli.

Fundi, Masasi: Karani kamaliza. Na wala usifute kitu kwanza. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ina uzito wa GB 3 hivi, nitaishusha kwa bando langu. Jaribu printa, sauti na kibodi, ikikataa unachomoa tu. Jumamosi napanda Newala. Niandalie mashine tatu zinazowaka, na hao wanafunzi wawepo.

Mwalimu, Newala: Wawili wa kidato cha tatu watakuwepo. Mashine mbili zinawaka vizuri. Ya tatu kitufe kimezama, huwa tunaiwasha kwa bisibisi.