Mpira wa silikoni wenye nanotyubu za kaboni: mbona ukinzani unabadilika ovyo?

Mwanafunzi wa Polima: Habari zenu. Nimechanganya nanotyubu za kaboni zenye kuta nyingi (mirija myembamba mno ya kaboni inayopitisha umeme) na mpira wa silikoni, kwa kiwango cha asilimia 1 ya uzito, nikitaka kutengeneza kihisi cha kuvaa kwenye kiwiko. Vipande vilivyotoka katika vikombe viwili, kwa vipimo vilevile, havifanani hata kidogo: kimoja kinasoma kilo-ohmu 40 hivi, kingine kinazidi uwezo wa multimita yangu. Aidha, nikikivuta kile kinachopitisha umeme, ukinzani unapanda kama nilivyotarajia, lakini nikikiachia unapanda tena kidogo kabla ya kushuka, wala haurudi ulipoanzia. Je, niongeze kaboni?

Mzee wa Maabara: Usiongeze kwanza. Silikoni yenyewe ni kihami, kwa hiyo umeme hupita pale tu nanotyubu zinapokaribiana kiasi cha kuunda njia kutoka ncha moja ya kipande hadi nyingine. Chini ya kizingiti fulani njia hiyo imekatika. Ukikivuka, nyongeza ndogo tu ya kaboni hupandisha upitishaji maelfu kwa mamilioni ya mara. Kwa kuwa urefu wa nanotyubu ni mamia au hata maelfu ya kipenyo chake, kizingiti mara nyingi huwa chini ya asilimia 1, ilhali masizi yanayotiwa kwenye matairi huhitaji kiwango kikubwa zaidi. Nadhani wewe umesimama mlangoni kabisa, na hapo tofauti ndogo ya ukorogaji inatosha kukuweka ndani au nje.

Nanotyubu hupenda kushikana, na donge moja laweza kumeza kaboni nyingi lisiunganishe chochote. Bana tone la mchanganyiko, kabla halijagumu, kati ya vioo viwili vya hadubini: ukiona madoa meusi yaliyotengana na sehemu angavu, umepata jibu. Mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu mno huyavunja madonge, ila ukiyazidisha yanakatakata na nanotyubu zenyewe, na kizingiti kinapanda.

Fundi wa Vipimo: Kabla ya kulaumu mchanganyiko, chunguza miguso. Niliwahi kupoteza wiki nzima, kumbe klipu zilikuwa zimeshika ngozi ya juu ya mpira, ambayo ilikuwa na kaboni haba. Zamisha wavu mwembamba wa shaba katika ncha zote mbili kabla silikoni haijagumu, kisha upime kwa waya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volti, ili ukinzani wa miguso usiingie katika hesabu.

Mtafiti wa Vihisi: Kuhusu mpando wa pili: nanotyubu nyingi hazigusani, bali elektroni hupenya pengo la nanomita chache la polima, yaani silikoni, na uwezekano wa kupenya hushuka kwa kasi mno pengo linapopanuka. Unapovuta, baadhi ya mapengo hufunguka kwa urefu, lakini kipande pia hukonda, hivyo nanotyubu nyingine husukumwa pamoja kutoka ubavuni. Unapoachia, miguso hii mipya huvunjika kabla ile ya zamani haijarudi, na ndipo ukinzani unapochomoza tena. Polima nayo hurudi polepole. Kivute na kukiachia mara nyingi, kwa kipimo kinachozidi kidogo kile utakachotumia, ndipo uanze kurekodi. Vipimo utakavyosoma vitatulia, ingawa sitakitegemea kutoa pembe kamili ya kiwiko. Kwa kuhesabu mikunjo kitafaa.

Mwanafunzi wa Polima: Nashukuru sana. Nimebana tone la kila kikombe: la kwanza ni kijivu sawasawa, la pili lina madoa yanayoonekana hata bila hadubini. Nimekumbuka kwamba kikombe cha pili nilikikoroga kwa kijiti, kwa sababu mashine ilikuwa na mtu. Nitakirudia kesho, na wavu wa shaba ukiwa ndani.