MREJESHO: Ubingwa wa tiba kinga na afya ya jamii Marekani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama mwaka mmoja wa mafunzo ya wodini unatosha kuomba ubingwa huu. Unatosha, na nafasi nimepata! Asanteni mno.

Kilichonibeba ni yule aliyesema hapa niandike upya barua ya maombi. Nilifuta sifa zote, nikaeleza mlipuko mmoja wa kuhara tulioufuata nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, hadi kwenye kisima. Kwenye usaili karibu maswali yote yalihusu kisima hicho.

Ushauri wa kuomba kozi yangu fupi ya epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii) ihesabiwe badala ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii uligonga mwamba. Shahada hiyo nitaisoma humohumo ndani ya miaka 2 ya mafunzo ya ubingwa.