Herufi j na k zimegoma kwenye kisomeo changu cha habari, nisaidieni

mama_kihamba (Moshi)
Habarini wakuu. Mimi nipo Moshi, nafanya kazi chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa makaratasi na kompyuta. Kila asubuhi kabla simu hazijaanza napitia habari kwenye ile tovuti ya kukusanyia habari, unaiwekea RSS (anwani za kupokelea habari mpya) za magazeti unayoyataka halafu habari mpya zinajipanga zenyewe sehemu moja. Mimi nyingi nimeweka za bei ya New York maana arabika yetu inaangaliwa kule, za London nimeweka mbili tatu tu sababu ya shemeji yangu wa Bukoba wao wana robusta, asiponiuliza bei hajalala.

Sasa tachipadi ya laptopu ilikufa tangu masika, chai ilimwagika (msiniulize nani alimwaga) na mausi ya kuchomeka nayo inashika inaachia. Ndo mdogo wangu akanifundisha shotikati za kibodi, j unashuka habari inayofuata, k unarudi juu, nikazoea mpaka habari mia mbili namaliza chai haijapoa. Wiki hii nimebonyeza j wala haishuki! Kinatokea kiboksi kule chini kabisa ya dirisha kimeandikwa j, nikikandamiza jjj kinageuka chekundu kama kimekasirika. Natumia Firefox. Katika kuhangaika nikagonga Shifti na a, habari zote zikapotea, zilikuwa mia nne na kitu sijazigusa. Hapo ndo nikaamua kuja kuuliza.

chalii_wa_sakina
Aisee mama pole. Angalia Kapsiloku kama haijawaka, pia angalia kama kasa (kile kijistari kinachomwekamweka unapoandika) haijakaa kwenye kile kisanduku cha kutafutia habari, maana ikikaa pale kila herufi inaandikwa tu haifanyi kazi yake, bonyeza Esc itoke. Ila mimi ningenunua mausi nyingine tu, unajitesa bure.

mama_kihamba
Asante mwanangu, Kapsiloku haijawaka na Esc nimebonyeza, kiboksi kinaondoka, nikigusa j kinarudi. Mausi hata ukininunulia sasa hivi siitaki, nikishika mausi mkono unaniuma na kazi inakuwa ya kuwinda vialama vidogo na macho yenyewe haya.

fundi_wa_njiro
Chalii umekosea kidogo ila sio sana. Hicho kiboksi cha chini sio cha tovuti, ni cha Firefox yenyewe, cha kutafuta neno kwenye ukurasa. Kuna mpangilio mmoja ukiuwasha basi ukianza tu kutaipu popote Firefox inadhani unatafuta neno, j yako inadakwa njiani kabla haijafika kwenye kisomeo. Wekundu maana yake hakuna "jjj" kwenye huo ukurasa, haijakasirika mama 😂

Fungua mipangilio ya Firefox, sehemu ya Jumla, shuka mpaka karibu na mwisho panapohusu kuvinjari, utaona mstari unaosema kutafuta maandishi unapoanza kuandika, ondoa tiki. Kwa kuwa huna mausi tumia Tabu kuruka kutoka kitu kimoja kwenda kingine na Spesi kuondoa tiki. (Tabu ya kibodi, sio tabu ya dunia.) Kuna mtu ameshika hiyo laptopu, mpangilio huo haujiwashi wenyewe.

Hata ukiuzima bado mkwaju / unafungua utafutaji wa haraka kwenye Firefox, kwa hiyo kama kisomeo chako nacho kinatumia / kutafutia habari vinaweza kugombana. Hiyo achana nayo tu.

mzee_wa_kijenge
Mama kihamba hizo mia nne hazijafutwa, usilie. Shifti na a kwenye visomeo vingi ni kuweka alama kwamba zote zimesomwa, na wewe bila shaka umeweka zionekane ambazo hazijasomwa tu ndo maana ukurasa ukawa mweupe. Badilisha zionekane zote, shuka kwa j, ukifika kwenye unayoitaka bonyeza m inarudi kuwa haijasomwa. Au bonyeza s uiwekee nyota usome jioni. Mimi yalinikuta hayo enzi za Google Reader, kabla haijafungwa Julai 2013, tangu hapo kidole changu kidogo nakichunga kikikaribia Shifti.

Na wanaouliza kwa nini j na k badala ya mishale, hayo ni mambo ya zamani. Bill Joy alipoandika vi, programu ya kuhariri maandishi, mwaka 1976 alitumia terminali (skrini na kibodi vya kuunganishwa na kompyuta) ya aina ya ADM-3A ambayo mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, hakukuwa na vitufe vya mishale peke yake. Watu wakazoea, Gmail ikachukua, visomeo vikachukua. Halafu gusa kibodi yako, j ina kinundu, kidole kinafika hata umeme ukikatika.

chalii_wa_sakina
Mzee na wewe, umeme ukikatika unasoma nini 😂😂

mzee_wa_kijenge
Laptopu ina betri wewe mtoto.

binti_soweto
Niongezee kidogo hapo, v inafungua habari yenyewe kwenye tovuti ilikotoka. Mimi bando langu ni la kubana kwa hiyo napita na j nasoma vichwa tu na ile mistari miwili ya mwanzo, v nabonyeza kwa habari tatu nne za maana, mwezi unaisha bando lipo. Ukibonyeza v kisha kimya, angalia kama brauza haijazuia madirisha yanayojifungua, iruhusu hiyo tovuti moja. Ukisahau herufi yoyote bonyeza alama ya kuuliza, orodha nzima inatokea juu ya ukurasa, kwangu inafanya hivyo.

mama_kihamba
Jamani imekubali!! Fundi ubarikiwe, tiki ilikuwepo kweli. Nimemuuliza mpwa wangu anasema alikuwa "anaiboresha" laptopu, nimemwambia aboreshe kwanza lile banda la kuku. Mzee zile mia nne nimezirudisha zikaonekana, nimewekea m kama ishirini za bei, nyingine nimeziacha zikae huko huko, habari ya kahawa ya juzi nani anaihitaji. Hiyo ya alama ya kuuliza kwangu haileti kitu binti, ninabonyeza na Shifti kabisa. Kibodi yangu hii ni ya mtumba, alama ya kuuliza nayo naipata kwa kubahatisha, nadhani imewekwa kama ya Kijerumani.

fundi_wa_njiro
Ya Kijerumani alama ya kuuliza ipo kwenye kitufe cha kulia kwa sifuri, Shifti na hicho. Na y na z zimebadilishana nafasi, utaziona tu.