Naomba ushauri, nimenunua farasi bahari wawili na hata sijui ni aina gani

Habari wadau, niko Kisumu, juzi nimenunua farasi bahari wawili kwa jamaa aliyewatoa Mombasa, akaniambia tu hawa ni wa kawaida na sasa simu hashiki. Mmoja wa manjano ngozi laini, mwingine kahawia ana miiba mwili mzima, huyu anaweza kuwa Hippocampus histrix, ile aina ya farasi bahari wenye miiba, ama macho yananidanganya? Wa manjano ana kifuko chini ya tumbo so huyo najua ni dume, ndiye hubeba mimba hehe.

Tanki ni lita 120, maji nachanganya na chumvi ya akwariamu, ila na hili joto letu mchana yanafika digrii 29 na wanataka kama 24 hivi, mnapooza aje bila mashine ya bei?

Shida kubwa ni chakula. Hawana tumbo la kuweka akiba so lazima wale mara kadhaa kwa siku, na uduvi wa barafu hawagusi, wanauangalia tu ukizama. Jirani ananiambia niwape omena, aki jirani, na mdomo wenyewe ni kama mrija! Nianze na uduvi hai halafu nichanganye polepole? Aliyewahi kuwafuga anisaidie haraka, leo ni siku ya tatu.