Tupeane uzoefu: bendi za hoteli Malindi zilizokuwa zikipiga R&B, nani anazikumbuka?

Nazi Mbata (mwanzisha mada)

Wanamalindi, na ndugu zetu wa Lamu, hamjambo. Wiki iliyopita nilikwenda Maweni kwa mama mkubwa kuchukua godoro. Nyuma ya jiko nikaikuta ngoma kubwa ya dramu ya marehemu baba mdogo imelazwa ubavu, ngozi ya upande mmoja imeng'oka, ndani kuku kaatamia mayai tisa. Ngozi ya upande wa pili ipo, na jina la bendi linasomeka bado, rangi nyekundu, herufi za mkono. Nilikaa pale juu ya jiwe mpaka mama mkubwa akaja kuniuliza kama naumwa.

Baba mdogo alipiga dramu katika hoteli za ufuoni tangu mimi sijazaliwa hadi 1997. Rumba walipiga, chakacha walipiga, lakini waliyoipenda wenyewe ilikuwa R&B ya Marekani ya miaka ya 60, muziki wa Wamarekani weusi: Otis Redding, Wilson Pickett, Percy Sledge. Them Mushrooms wa Mombasa wanajulikana, "Jambo Bwana" yao ya 1982 imezunguka dunia. Taarabu nayo ina watu wanaoiandika. Hawa wetu wa Malindi, waliopiga usiku baada ya usiku bila kutoa santuri hata moja, wanatutoka mmoja mmoja. Tusipowaandika sisi, nani atawaandika?

Ombi langu, tusitaje majina ya watu wala ya hoteli, maana wengi wako hai na wana familia. Tuseme tuliyoyaona. Naanza mimi.

Alinichukua kazini mara mbili nikiwa mdogo, nikakalishwa nyuma ya jukwaa juu ya kreti ya soda. Wageni wakiwa wanakula, bendi ilipiga chini chini, dramu kwa brashi. Sahani zikishaondolewa, rumba. Kwenye saa nne, wazee wakishakwenda kulala, wakabaki wanaotaka kucheza, ndipo R&B ilipotoka. Hapo hata nyuso za wapigaji zilibadilika. Alikuwa na daftari la shule ameandika humo maneno ya nyimbo kama sikio lake lilivyoyasikia: "Weni e meni lavzi e wumani." Daftari zima hivyo, kwa kalamu ya buluu, na penye kuvuta pumzi ameweka alama ya mkwaju (/). Kiingereza cha kuzungumza alikuwa nacho cha kubahatisha. Cha kuimba kilikuwa safi, nilimsikia mgeni mmoja akimuuliza ameishi Marekani miaka mingapi.

Binti Shela

Shela ya Malindi, si ya Lamu. Baba yangu alipiga besi, na alikuwa mvuvi vilevile. Jioni alitoka nyumbani na kanzu yake, gitaa limetangulia kwa rafiki yake mtaa wa Barani, huko ndiko alikobadilisha nguo. Si kwamba bibi hakujua. Alijua, ila hakutaka kuona.

Bibi hakula pesa iliyotoka mahali pa pombe. Kila baba alipomkunjulia noti mkononi, alimuuliza: "Hii ni ya bahari ama ni ya usiku?" Na baba hakumdanganya hata siku moja. Ya bahari ilikwenda jikoni, unga na mafuta. Ya usiku ilikwenda kwenye karo zetu na mabati ya nyumba. Mimi nimesoma kwa ya usiku, na nashukuru.

Mtihani ulikuwa kusi. Ikiingia Aprili bahari inachafuka, mvua nayo, wageni wanarudi kwao, hoteli zinafungwa mpaka Julai. Basi ya bahari hakuna na ya usiku hakuna. Mama aliuza mahamri, na baba alishinda barazani na gitaa lisilounganishwa na kitu, anabonyeza tu. Sauti hupati ila ukikaa karibu sana. Mimi nilikuwa nikikaa karibu sana.

Kaskazi

Nimepiga dramu miaka kumi na tatu, Malindi na Watamu. Nataka kueleza jambo moja, kwa sababu watu hudhani zile R&B za taratibu zilikuwa ngeni kwetu, tukaziiga kwa shida. Sivyo. Chakacha unaihesabu tatu tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Sasa chukua ule wimbo wa Percy Sledge wa 1966, "When a Man Loves a Woman", aliouandika baba mdogo wa Nazi Mbata kwenye daftari. Na wenyewe ndani ni tatu tatu, makundi manne yanafanya mzunguko. Mtu aliyekulia kwenye harusi zetu anazo tatu hizo mwilini. Anapunguza mwendo, tatu zinabaki kwenye simbali, mguu unashika la kwanza, fimbo ya kushoto inaangukia kundi la pili na la nne. Kwisha. Nilifundishwa kwa alasiri moja, na aliyenifundisha alitumia meza ya chai.

Lililotutesa lilikuwa vyombo. Nyuzi za besi mpaka Mombasa, kilomita 120, na bei yake ni mshahara. Zikifa sauti tulizichemsha sufuriani dakika kumi, jasho na chumvi vikatoka, tukazikausha juani, zikalia tena wiki mbili tatu. Upepo wa bahari ulikula swichi za gitaa. Unageuza sauti, spika inakoroma kama pweza anakaangwa.

Na malipo. Hoteli moja ilitulipa nusu pesa na nusu sahani ya wali, na usiku wa mvua, wageni wasipotoka vyumbani, hatukulipwa kabisa ingawa tumepiga. Tuliingilia mlango wa jikoni. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Booker T. & the M.G.'s, waliokuwa nyuma ya Otis Redding kwenye santuri zake, walikuwa weusi wawili na weupe wawili, katika mji wa Memphis ambao nje ya studio ulikuwa umetengwa kwa rangi. Niliposoma hayo niliuelewa ule muziki upya, na nikaelewa kwa nini tuliupenda.

Mtoto wa Ngomeni

Swali ni hizo nyimbo zilifikaje Malindi. Redio ndiyo, lakini redio unaisikia mara moja imepita. Sisi kwetu zilikuja kwa santuri. Waitaliano walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti huku Ngomeni miaka ya 60, mzee wangu alipata kazi kwenye boti za kuvusha watu hadi jukwaa la baharini. Ndipo iliporushwa satelaiti ya "Uhuru", 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa sababu ya siku yetu ya uhuru. Fundi mmoja alipomaliza mkataba alimwachia mzee kinanda cha santuri cha betri na santuri kama ishirini. Nyingi za Kiitaliano. Nne tu za Wamarekani weusi, na hizo nne zilichezwa mpaka zikapauka.

Vijana wa bendi moja ya Malindi walikuwa wakija kwa baiskeli Jumapili kusikiliza. Santuri moja ilikuwa na mkwaruzo, sindano ikifika ubeti wa pili inaruka, pigo moja linapotea. Wao hawakuwa na nyingine ya kulinganisha. Wakaushika wimbo na mruko wake! Nimewasikia kwa masikio yangu wakiupiga Malindi, wote watano wanaruka pamoja, hakuna anayekosea, na wachezaji wenyeji wanaruka nao. Wageni ndio waliokanyagana.

Msafiri wa Amu

Kwetu Lamu mambo yalikuwa ya udi wa taarabu zaidi. Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, ni mzaliwa wa kwetu, na kila kijana aliyeshika udi alitaka kupiga kama yeye. Ami yangu alikuwa mmoja wao, kisha akavuka Mokowe kwenda Malindi kutafuta riziki, akapewa gitaa la solo. Alilalamika sana mwanzo. Shingo ya udi haina vyuma, kidole chatelezea popote, na gitaa limekatwa vipande vipande. Halafu akasikia wale Wamarekani wanavyouvuta uzi pembeni ili sauti ipande nusu ya nusu, ilie. Akasema, kumbe na hawa wanatafuta kile kile. Tangu siku hiyo hakulalamika.

Kaskazi

Msafiri, huyo nadhani nimepiga naye. Alikuwa akifunga kikoi juu ya suruali.

Msafiri wa Amu

Ndiye! Allah amrehemu.

Nazi Mbata (mwanzisha mada)

Mmenipa kazi ya kusoma mara tatu tatu. Kuhusu mwisho wao, niseme nilichokiona. Agosti 1997 zilipotokea zile vurugu za Likoni, damu ilimwagika Mombasa lakini wageni walikimbia Pwani yote. Baba mdogo aliambiwa asije Ijumaa. Halafu asije wiki ijayo. Wageni waliporudi kidogo kidogo, hoteli ilikuwa imeshachukua mtu mmoja na kinanda chenye dramu ndani yake. Hakuwahi kumsema vibaya yule kijana wa kinanda. Aliuza simbali, ngoma ndogo akampa jirani, kubwa akabaki nayo.

Mtoto wa Ngomeni, ule mruko umenikosesha usingizi. Waliokuwa wakija walikuwa na baiskeli ngapi?

Mtoto wa Ngomeni

Tatu, watu watano. Mmoja alikuwa akipiga dramu mapajani njia nzima.

Binti Shela

Jamani. Nina kaseti. Baba aliacha kaseti moja, ilirekodiwa mezani hotelini kwa redio ya kawaida, unasikia vijiko na bahari. Kuna mtu aliyejiita mwenye studio alichukua nyingine nzuri zaidi, akaahidi kurudi, hakurudi. Hii ilibaki kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna pahali wote wanaruka. Miaka yote nilidhani ni utepe umeharibika.

Nazi Mbata (mwanzisha mada)

Dada, usiicheze tena kabla hatujainakili, utepe wa zamani hukatika. Naweza kuja Jumamosi na kijana anayejua kazi hiyo. Nakuja na daftari pia.

Binti Shela

Jumamosi baada ya alasiri nipo. Redio ya baba ipo na inafanya kazi, lakini njoo na betri nne kubwa, stima huku hupotea. Na Mtoto wa Ngomeni akiweza, aje naye.

Mtoto wa Ngomeni

Nakuja. Santuri ninayo, nitaibeba.